Kipimo Nilichokuwa Nimemwandikia Mwingine

Ninaishi Goma, mashariki mwa Kongo, na kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa fotokopi katika kibanda cha mbao kilichopo Katindo. Makanisa ndiyo wateja wangu wakubwa: ratiba za ibada, nyimbo za kwaya, mialiko ya ndoa, vikaratasi vya mikesha ya maombi. Mwezi Juni 2021, wiki chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, mtumishi mmoja wa chumba cha maombi aliniletea ukurasa ulioandikwa kwa mkono, akaomba nakala mia mbili. Ukurasa ule ulisema kwamba Bwana alikuwa ameonyesha moto juu ya mji, na kwamba neno lile sasa limetimia. Juu kabisa, alitaka niandike: Januari 2021. Nilimwuliza kwa adabu kwa nini Januari ilhali tuko Juni. Akanijibu kwamba neno lilinenwa Januari katika mkesha, ila hakuna aliyeliandika siku ile. Nikachapa, nikapokea pesa yangu, lakini jambo lile likakaa tumboni kama chakula kisichosagika.

Ninaandika haya kwa sababu kikaratasi kile kilinifikisha katika mjadala uliodumu miezi kadhaa juu ya unabii wa Biblia na kutimia kwake, mjadala nilioingia nikiwa na uhakika mwingi na maarifa machache, na ambao ulinigharimu pesa, wateja, na kwa muda mrefu ulinigharimu shemeji yangu. Sikupoteza imani, na sikusudii kumshawishi mtu aipoteze wala aipate. Nataka tu anayejiandaa kuingia njia hiyo ajue mahali penye mashimo.

Baada ya kuchapa kikaratasi kile nilifungua daftari la madeni, nikageuza upande wa nyuma, nikaandika namna ambavyo, kwa maoni yangu, neno la mtu linastahili kuitwa unabii uliotimia. Niliandika kwamba neno liwe limejulikana kabla ya tukio, na kuwe na ushahidi wa hilo usiotoka kwa msemaji peke yake. Liwe wazi kiasi kwamba lingeweza kushindwa. Maana katika mji ambao lava ilipita katikati yake tarehe 17 Januari 2002, na ambako kuta za nyumba zimejengwa kwa mawe ya lava ileile, kutabiri moto ni kama kutabiri mvua mwezi wa Novemba. Tukio lisiwe jambo ambalo mhusika analijua na anaweza kulitekeleza makusudi. Na mwisho, neno lote lilingane na tukio, isiwe tunachukua sehemu iliyofanana na kuiacha iliyokataa. Nilijiona mwenye busara sana. Kumbukumbu la Torati 18 lenyewe linasema kwamba neno la nabii lisipotukia, Bwana hakulinena, na watu wasimwogope nabii huyo.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kula kwetu. Yeye ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, alilelewa kanisani kama sisi sote, lakini alikuwa ameacha kwenda. Tulikula bukari na sambaza, na nilipomweleza habari ya kikaratasi alicheka mpaka akaweka tonge chini. Nikamwonyesha daftari. Alisoma polepole, akanawa mikono, akasoma tena. Kisha akasema, "Shemeji, kipimo hiki ni kizuri. Sasa tukipeleke kwa Ezekieli."

Hapo ndipo ningepaswa kujibu kwamba sijui Ezekieli vya kutosha. Badala yake nilisema, "Tukipeleke popote."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta silaha kabla ya kusoma. Nilipata kwenye simu orodha ya unabii zaidi ya mia tatu unaosemekana kutimia katika Yesu peke yake, pamoja na hesabu inayoonyesha kwamba uwezekano wa hayo kutokea kwa bahati ni mdogo kuliko kuokota chembe moja ya mchanga kati ya mchanga wa dunia yote. Niliipenda hesabu hiyo. Niliichapa, nikaipa jalada la plastiki. Sikujiuliza kwamba hesabu ya namna hiyo ina maana tu ikiwa kila andiko katika orodha ni utabiri kweli, ni wa zamani kweli, na limetimia bila mtu kulitafutia utimilifu. Yaani inachukua kama jibu jambo lilelile ambalo ndilo swali. Shemeji aliliona hilo kwa dakika moja. Nami nilihitaji miezi minne.

Tulianza kukutana Jumamosi alasiri kwenye baraza ya kibanda, na watu wakaanza kusogea: vijana wa kwaya, dereva wa pikipiki anayeegesha hapo karibu, mzee mmoja wa kanisa letu aliyekuwa akija na kiti chake. Mkusanyiko ulipokuwa mkubwa, viongozi wa vijana wakapendekeza tuufanye ukumbini, kila mmoja aseme, watu wasikilize. Nilikubali kwa furaha, na hilo lilikuwa kosa la pili. Barazani mtu anaweza kusema "hapo sijui" na mazungumzo yakaendelea; mbele ya viti themanini neno hilo linageuka kushindwa, na mtu hulikwepa hata kama ndilo la kweli. Nilitoa nakala kwa pesa yangu na nikakodi jenereta kwa sababu umeme haukuaminika. Jumla ilifika dola arobaini na tano, ambazo zilikuwa karibu kodi ya mwezi ya kibanda.

Nilichagua Tiro kuwa shoka langu. Katika orodha, Tiro ilikuwa imeelezwa vizuri: Ezekieli 26 inatangaza kwamba mji ule wa pwani utaangushwa, mavumbi yake yatakwanguliwa, utakuwa mwamba mtupu wa kutandazia nyavu, wala hautajengwa tena, naye Aleksanda wa Makedonia, mwaka 332 kabla ya Kristo, akachukua vifusi vya mji wa bara na kujenga njia ya kuvuka bahari hadi kisiwani, akauteka baada ya miezi saba. Nilieleza hayo kwa sauti kubwa, na watu wakapiga makofi.

Shemeji hakubisha juu ya Aleksanda. Aliniomba tu nisome kwa sauti kuanzia mstari wa saba, na hapo aliyetajwa kwa jina ni Nebukadreza mfalme wa Babeli: yeye ndiye atakayeleta farasi, yeye atakayezipiga kuta, kwato za farasi wake ndizo zitakazokanyaga njia zote za mji. Kisha akaniomba nifungue sura ya 29, mstari wa 17 mpaka 20. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama mbele ya watu themanini, jenereta ikinguruma nje. Inasema kwamba Nebukadreza alilitumikisha jeshi lake kwa kazi ngumu juu ya Tiro hata vichwa vikaota upara na mabega yakachubuka, lakini hakupata ujira wowote kutoka mji huo, yeye wala jeshi lake. Kwa hiyo Bwana atampa Misri badala yake. Josephus, mwanahistoria Myahudi, anasema mazingiwa yale yaliendelea miaka 13. Mji wa kisiwani haukutekwa kwa nguvu wala haukuporwa na Babeli. Na Tiro yenyewe ipo mpaka leo, inaitwa Sur, nchini Lebanoni. Hata katika Agano Jipya Paulo alikaa siku saba huko pamoja na wanafunzi, kama Matendo 21 inavyosema.

Nilipofika mwisho wa mstari wa 20 sikuwa na neno. Nilisema jambo fulani juu ya "mataifa mengi" yanayotajwa katika mstari wa tatu wa sura ya 26, yanayokuja kama mawimbi, na kwamba Aleksanda ni mojawapo ya mawimbi hayo, na kwamba katika mstari wa 12 msemaji anatoka "yeye" na kuingia "wao". Hoja hiyo ipo, na wataalamu waamini wanaitetea mpaka leo. Kuna pia wanaosema kilichokatazwa kujengwa tena ni ule mji wa bara tu, au fahari ya mji ule kama dola ya biashara. Lakini mimi niliitoa kama mtu anayetafuta mlango gizani, na watu waliona. Kipimo changu cha nne, cha neno lote kulingana na tukio lote, kilikuwa kimebandikwa ukutani kwa mkono wangu mwenyewe.

Yule mzee aliyekuwa akija na kiti chake aliomba kusema. Alisema maneno machache: "Lakini nabii mwenyewe hakuificha." Kisha akaketi. Usiku ule nilimkasirikia, nikadhani amemsaidia mpinzani. Baadaye niliona kwamba hakuna aliyesema jambo zito kuliko lile. Sura ya 29 ni neno la miaka kumi na sita hivi baada ya lile la sura ya 26, kwa tarehe zinazoandikwa ndani ya kitabu chenyewe, na ama Ezekieli ama wanafunzi wake waliyaweka yote mawili katika kitabu kimoja bila kufuta la kwanza. Mteja wangu wa Januari angenirudia aniombe nirekebishe faili. Hawa hawakurekebisha. Hilo halithibitishi kwamba unabii ulitimia, lakini linaonyesha kwamba watu hawa hawakuona unabii kama mimi nilivyouona, yaani kama hundi inayolipwa senti kwa senti au kukataliwa dirishani.

Anayetaka kujadili jambo hili asome kwanza sura nzima, na sura zinazofuata, na kila mahali pengine ambapo nabii yule anautaja mji uleule. Inachosha, na haichukui jioni moja. Mimi nilichukua mwezi mzima kwa Ezekieli peke yake, nikisoma asubuhi kabla ya kufungua kibanda.

Mjadala wa pili ulihusu Isaya 7:14, na hapo kilichotutatiza kilikuwa mikononi mwetu wenyewe. Sisi wa Goma tunasoma Biblia mbili: wengi wanashika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, na waliosoma sana hupenda ya Kifaransa ya Louis Segond. Nilipotangaza kwamba bikira atachukua mimba, msichana mmoja wa kwaya aliyekuwa na Segond akainua mkono na kusema kwamba kwake imeandikwa "msichana" tu. Tukamwambia afungue Mathayo 1:23 katika Biblia ileile. Akafungua: hapo ni "bikira". Ukumbi ukachafuka. Wengine wakadhani Biblia ya Kifaransa imeharibiwa, wengine wakadhani ya Kiswahili ndiyo iliyoharibiwa.

Neno la Kiebrania katika Isaya ni "alma", linalomtaja mwanamke kijana aliyefikia umri wa kuolewa, bila kutamka lolote juu ya ubikira wake. Wayahudi waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki, kabla ya Yesu kuzaliwa, waliweka pale neno ambalo kwa kawaida humaanisha bikira, na Mathayo akatumia tafsiri yao. Kwa hiyo si kweli, kama shemeji alivyodai siku hiyo, kwamba Mathayo alibuni neno ili lifae hadithi yake. Wala si kweli, kama mimi nilivyodai, kwamba Kiebrania hakiruhusu maana nyingine. Lakini swali gumu zaidi liko mstari wa 16. Mfalme Ahazi alikuwa ametishwa na wafalme wawili, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli, na Isaya anampa ishara: kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wafalme hao wawili zitaachwa ukiwa. Dameski ilianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 732 kabla ya Kristo, na Samaria mwaka 722 hivi. Hilo ni neno la kueleweka, lenye muda, na lilitukia. Basi mtoto aliyezaliwa miaka mia saba baadaye angekuwa ishara gani kwa Ahazi aliyekuwa akitetemeka siku ile?

Nilikaa na swali hilo wiki nyingi, na kilichonifungua akili hakikutoka kwa mtaalamu yeyote. Kilitoka katika Kiswahili chenyewe. Sisi hatusemi "kutokea" na "kutimia" kwa maana moja. Ajali hutokea, ajali haitimii. Mimba hutimia, mwezi hutimia, mahari hutimia, bidoni ya maji inatimia lita ishirini. Kitu kinachotimia kilikuwepo tayari, kikiwa pungufu, kisha kikajaa. Na kitenzi cha Kigiriki ambacho Mathayo hukitumia kina maana hiyohiyo ya kujaza. Ndiyo sababu Mathayo 2:15 inaweza kusema kwamba neno "kutoka Misri nalimwita mwanangu" limetimizwa katika mtoto Yesu, ilhali Hosea 11:1 haitabiri lolote hapo. Hosea anatazama nyuma, anamkumbuka Israeli akitoka Misri siku za Musa. Katika orodha yangu yenye jalada la plastiki, Hosea 11:1 ilikuwa imehesabiwa kama utabiri. Ukiihesabu hivyo, mpinzani atakuangusha, na atakuwa na haki. Ukimsoma Mathayo kama mtu anayesema kwamba historia ya taifa lile imejaa na kufurika ndani ya mtu mmoja, basi mnajadili jambo jingine kabisa, jambo ambalo hesabu ya chembe za mchanga haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha.

Shemeji hakuridhika. Alisema huko ni kuhamisha goli. Nami nakiri kwamba nusu yake ni hivyo: mimi ndiye niliyeingia ukumbini nikisema unabii ni ushahidi kwa asiyeamini, kisha nikamwambia kwamba utimilifu unaonekana vizuri zaidi na anayeamini. Mtu aamue mapema anatetea lipi kati ya hayo mawili.

Danieli ndiye aliyevunja udugu wetu. Katika karne ya tatu, mwanafalsafa Porphyry aliandika kwamba kitabu cha Danieli hakikuandikwa Babeli katika karne ya sita kabla ya Kristo, bali siku za Antioko Epifane, mfalme aliyelitia unajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo. Hoja yake ilikuwa kwamba sura ya 11 inasimulia vita vya wafalme wa kusini na wa kaskazini kwa usahihi wa kushangaza, kama mtu anayesimulia yaliyokwisha kupita. Jerome, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, alimjibu katika ufafanuzi wake wa Danieli, na hoja mbili zile zimegombana tangu wakati huo. Wanaofuata tarehe ya baadaye wanaongeza kwamba mwisho wa sura hiyo mfalme anapiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu na kufikia mwisho wake, lakini Antioko alifia upande wa Uajemi mwaka 164. Wanaofuata tarehe ya zamani wanajibu kwamba mistari ya mwisho inaruka na kumtaja mfalme wa siku za mwisho.

Shemeji alinigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Shemeji, si wewe unayejua karatasi yenye tarehe ya uongo? Waambie unavyoitambua."

Alikuwa akikumbuka kisa nilichomwambia mwenyewe. Miaka ya nyuma mtu aliniletea barua ya kiwanja niitolee nakala, barua yenye tarehe ya mwaka 2009, lakini ilimwandikia gavana wa mkoa wa Lualaba. Mwaka 2009 hapakuwa na gavana wa Lualaba. Ilikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Katanga, ambao uligawanywa mwaka 2015 nchi ilipotoka mikoa 11 kwenda 26. Karatasi hujitaja umri kwa yale inayoyajua. Nilipaswa kusema ndiyo, hivyo ndivyo inavyofanyika, na kwamba kwa anayekubali kuwa Mungu anaweza kumwonyesha mtu yajayo, kujua mambo mapema peke yake si uthibitisho wa tarehe ya baadaye, kwa hiyo uzito unahamia kwenye mahali ambapo usahihi unakoma. Badala yake niliona aibu, kwa kuwa alikuwa amefichua habari ya mteja wangu, na nikamwambia mbele ya wanafunzi wake kwamba aliacha kanisa kwa sababu ya maisha yake ya nyumbani, wala si kwa sababu ya Danieli. Nililitaja jambo lenyewe. Sitalirudia hapa.

Aliondoka bila kuaga. Kwa miezi saba hakukanyaga kwetu. Tulipofiwa na bibi yao, tulikaa matangani kwenye ncha mbili za turubai, na mke wangu akawa anabeba sahani kutoka upande huu kwenda upande ule. Siku moja aliniuliza ni sura ipi ya Danieli iliyoniagiza kumvua nguo kaka yake hadharani.

Hasara nyingine ilikuwa yule msichana wa kwaya mwenye Segond. Alikuja kibandani peke yake, akanunua nakala moja asiyoihitaji, kisha akauliza, "Baba, kwa hiyo yote ni uongo?" Nilimjibu haraka kwamba asiwe na wasiwasi. Hakurudi kwaya kwa muda mrefu. Kama angeniuliza leo, ningemwomba akae kwanza. Ningemwambia kwamba kuna maandiko yanayosimama imara hata mbele ya kipimo changu kikali kwa upande wa tarehe: hati kubwa ya Isaya iliyopatikana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 imeandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuzaliwa kwa Yesu, na sura ya 53, ya mtumishi anayejeruhiwa kwa ajili ya wengine, imo ndani yake. Shemeji alikuwa amesema Wakristo waliipenyeza sura hiyo. Alikosea, na baadaye alikiri. Ningemwambia vilevile kwamba umri wa hati haujibu mtumishi huyo ni nani, na kwamba Wayahudi wengi wanamsoma kuwa taifa la Israeli lenyewe, ambalo Isaya 49:3 inalitaja kwa jina. Ningemwambia kwamba anaweza kukaa katikati ya hayo bila kukimbia, na kwamba mimi nimekaa.

Na ningemwonya dhidi ya dawa moja inayotibu kila ugonjwa. Yeremia 18 inasema kwamba Mungu akitangaza kuling'oa taifa, nalo likigeuka, yeye naye huacha. Yona alitangaza siku arobaini kwa Ninawi, na siku arobaini zikapita salama. Ni kweli na ni muhimu, na wengi wanaoshikilia Kumbukumbu la Torati 18 peke yake hulisahau. Lakini mtu akiitumia kanuni hiyo kila neno linaposhindwa, na kulisahau sharti hilo kila neno linapofaulu, amejitengenezea nabii asiyeweza kukosea kamwe, na nabii wa namna hiyo nilikwisha kumchapia nakala mia mbili.

Chumba kile cha maombi, kwa njia, kiliacha kuniletea kazi baada ya mtu kuwaambia habari ya daftari langu. Wateja wengine wawili walifuata. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimepima neno lao kwa siri bila kwenda kuwauliza kama wapo waliokuwepo kwenye mkesha ule wa Januari. Pengine wapo. Neno kuandikwa baadaye si lazima liwe limebuniwa baadaye. Hekalu la Yerusalemu liliangushwa na Tito, jemadari wa Warumi, mwaka 70, na swali la kama Marko 13, ambapo Yesu anatabiri kuangushwa huko, iliandikwa kabla au baada ya hapo halimalizi swali la kama Yesu alilisema. Niliwapa manabii wa zamani nafasi ambayo sikumpa jirani, kisha shemeji akafanya kinyume chake, na sote wawili tulidhani tunatumia kipimo kimoja.

Nilimwendea shemeji mwenyewe, Ndosho, nikiwa na mzee yule, kwa kuwa kosa la hadharani halitengenezwi kwa simu. Alituacha tukae barazani karibu nusu saa kabla ya kutoka. Nikamwomba radhi kwa neno nililosema, bila kuchanganya na Danieli. Alisema amesikia. Wiki mbili baadaye, mbele ya baadhi ya waliokuwa ukumbini, nikarudia maneno yaleyale. Ndipo akaanza kuja tena.

Sasa tunasoma Jumamosi, watu wanne au watano, barazani, bila jenereta. Tuna utaratibu: anayetaka kusema kwamba neno limetimia au limeshindwa aanze kwa kusoma sura iliyotangulia na inayofuata kwa sauti, Biblia zote mbili zikiwa wazi, na aseme mapema ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Mara nyingi hatumalizi. Majuzi tulikuwa Yeremia 28, ambapo nabii Hanania anatoa muda wa miaka miwili kwa nira ya Babeli kuvunjwa, na Yeremia anamjibu kwanza "Amina, Bwana na afanye hivyo," kisha anaenda zake. Shemeji aliuliza ni nani aliyeandika kwamba Hanania alikufa mwaka uleule, na lini. Nilimwambia sijui. Mke wangu akatoka na sambaza, na shemeji akasogeza Biblia kando ili sahani ipate nafasi.